Mfamasia Aliyehudhuria Matanga Yake

Ijumaa asubuhi, muuza ndizi mmoja aitwaye Yaa Pokuaa aliingia katika duka la dawa la Mzee Kwabena Nsafoah pale Domeabra, akamkuta mzee mwenyewe nyuma ya kaunta anapangusa chupa, akapiga ukelele hadi mbuzi waliolala barabarani wakaamka. Beseni la ndizi likaanguka na ndizi zikatawanyika sakafuni.

"Yaa, kuna nini? Tumbo limerudi?" mzee akauliza.

Yaa alikuwa ameshika kizingiti, mguu mmoja ndani, mwingine nje. "Daktari, kwani wewe hujafa?"

"Nife kwa ruhusa ya nani? Kuna katoni ya dawa ya kikohozi imekuja jana, hata sijaifungua."

"Basi mbona umebandikwa stendi? Picha yako, na nishani zako, na mstari mweusi kuzunguka! Mimi nimeshatoa nguo nyekundu ya matanga sandukuni."

Mzee Nsafoah, miaka sabini na mitatu, magoti mabovu lakini ulimi mzima, alichukua fimbo yake akaenda stendi ya malori kujisoma. Kweli, alikuwepo ukutani, amevaa nishani za vita, amekaza uso kama mtu anayedaiwa. Juu ya kichwa chake paliandikwa AMEITWA. Chini ya kidevu palikuwa na jina lake, umri wake, kazi yake, askari mstaafu na mfamasia, halafu: Jumamosi, saa nne asubuhi, uwanja wa shule. Mavazi: nyekundu na nyeusi. Wapakiaji wawili waliokuwa wakisoma tangazo walimwona, wakavua kofia, kisha wakakumbuka kwamba kofia huvuliwa maiti, wakazivaa tena haraka.

Aliporudi dukani alimkuta binti yake Adwoa, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, amekaa juu ya katoni ya dawa ya kikohozi, analia kwa hasira. Adwoa ndiye aliyepanga mambo yote. Yeye na wazee wa chama cha wapiganaji wa zamani walikubaliana kwamba mzee aadhimishwe akiwa hai, asikie mwenyewe sifa zake, kwa sababu katika mji ule mtu husifiwa akishalala ndani ya sanduku, asiweze hata kusema asante. Wazo zuri sana. Kosa lake lilikuwa kumpelekea mchapaji Gyamfi kazi ya kuchapa tangazo, na kosa kubwa zaidi lilikuwa kuchagua Jumamosi, siku ambayo nchi nzima huzika.

"Nimemwambia tangazo la sherehe," Adwoa akasema. "Sherehe, baba! Nimemwandikia kwa mkono wangu. Nimekwenda kwake sasa hivi. Unajua ameniambia nini? 'Mwalimu, niliona umesahau kuandika ameitwa, nikajua ni uchungu. Nikakusaidia.' Amenisaidia! Na rangi za nguo pia amenisaidia! Nikamwuliza, hukuona mahali nimeandika 'tunamwadhimisha'? Akasema, 'Mama, miaka thelathini nachapa, sijawahi kuletewa tangazo la mtu aliye hai. Aliye hai anatangazwa wa nini, si tunamwona?'"

Mzee alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Gyamfi ni mtu mwema, lakini wema wake haungojei kuombwa.

"Unacheka? Matangazo mia mbili yametoka jana na malori ya kakao. Vijiji vyote vinajua umekufa. Nitatuma watu wakayang'oe."

"Acha."

"Niache vipi?"

Mzee alipangusa chupa moja ambayo ilikwishapanguswa. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Lori la Nkwantakese nalo limepewa?"

Adwoa alimtazama, na hasira ikamwisha palepale. Nkwantakese ndiko alikokuwa akiishi Koplo Yaw Barima.

"Baba, unataka kumtega koplo kwa maiti yako mwenyewe?"

"Mimi nimeuliza safari za malori tu."

Sasa lazima niseme habari za hawa wawili, maana bila hizo hakuna habari nyingine. Kwabena Nsafoah na Yaw Barima walijiandikisha jeshini siku moja, wakapanda meli moja, wakatapika pamoja mpaka India, wakaingia pamoja katika misitu ya Burma. Yaw alipandishwa cheo akawa koplo. Kwabena alibaki praiveti, askari wa kawaida, akatiwa kwenye kikosi cha wauguzi kwa sababu aliweza kusoma maandishi ya kwenye chupa. Kazi yake ya kila asubuhi ilikuwa kugawa vidonge vya malaria, vile vilivyogeuza ngozi ya mtu kuwa ya manjano. Askari walivichukia. Walivificha chini ya ulimi, wakavitemea majanini. Basi Kwabena akajifunza kusimama mbele ya kila mmoja mpaka ameze, afungue mdomo, ainue ulimi. Koplo Yaw alikuwa bingwa wa kuficha, na praiveti Kwabena alikuwa bingwa wa kukamata. Urafiki wao ulianzia hapo, mmoja amefungua mdomo na mwingine anachungulia.

Vita vilipokwisha, Kwabena hakurudi shambani. Alikwenda Accra kusomea dawa, akafanya kazi hospitali za serikali miaka kumi na nne, halafu akafungua duka lake Domeabra. Akawatibu watu kwa desturi zile zile za jeshini. Dozi ya kwanza unameza mbele yake. Kama hujala, hupewi kitu mpaka ule, na nyuma ya duka mkewe, Mungu amrehemu, aliweka sufuria ya ndizi za kuchemsha kwa ajili ya wenye matumbo matupu. Wasiojua kusoma aliwachorea juu ya bahasha: jua linachomoza, jua la utosini, mwezi. Na maelezo aliyatoa mara tatu. Mara ya tatu akikuambia, "Sasa rudia," na usiporudia vizuri dawa inabaki kwenye kaunta. Watu walimnung'unikia miaka yote. Hakuna aliyehama kwenda duka lingine.

Mwaka wa njaa, themanini na tatu, dawa zilipotoweka nchi nzima na wengine wakauza unga wa muhogo ndani ya vidonge, Mzee Nsafoah aliandika SINA kwenye ubao, akautundika mlangoni, akakaa nyuma ya rafu tupu kuanzia asubuhi mpaka jioni ili mtu asipoteze safari bila hata kuambiwa pole.

Ugomvi ulitokea mwaka sabini na mbili. Afua Serwaa, mke wa Yaw, alishikwa na homa kali ya mapafu. Yaw akaja mbio dukani, watu wamejaa, akapiga kaunta: "Praiveti, toa sindano ya penisilini, upesi!" Kwabena alijua jambo moja. Miaka miwili nyuma, vidonge vya penisilini vilimvimbisha Afua uso mpaka macho yakafunga. Sindano ingemuua. Lakini badala ya kusema hivyo, alichukia kuamrishwa mbele ya wateja. Akasema, "Humu ndani jenerali ni mimi. Hupati. Mpeleke hospitali." Basi. Hakuongeza neno.

Yaw akatoka akasimama katikati ya stendi akatangaza kwamba Nsafoah anauza chokaa, na kwamba amewakatalia wagonjwa dawa ili azidi kujiona mkubwa. Afua akapelekwa hospitali akapona. Ugomvi haukupona. Maneno ya stendi, kwa mila zao, hayafutiki mpaka mkosaji aje na chupa ya shinapsi, pombe kali ya kuombea radhi, na mzee wa kumsemea. Kwabena aliingoja chupa. Chupa haikuja. Yaw akahamia shamba lake la kakao Nkwantakese, akampiga mkewe marufuku kugusa mlango wa duka lile. Wiki baada ya wiki Mzee Nsafoah aliliona lori likipita na Afua amekaa juu, ameelekeza uso upande wa pili.

Miaka ishirini na miwili. Hata mtoto aliyezaliwa siku ile angekuwa ameoa.

Lakini kuna mila nyingine yenye nguvu kuliko hiyo. Hakuna anayegombana na maiti. Mwenye kinyongo na marehemu sharti aje kukimaliza kabla ya udongo. Ndiyo maana mzee aliuliza habari za lori, na ndiyo maana usiku ule hakupata usingizi, akijipangia atakavyosema kama Yaw angekuja, na akijiambia kwamba hatakuja.

Jumamosi uwanja wa shule ulikuwa mwekundu na mweusi kutoka goli hadi goli. Marehemu alikaa mstari wa mbele chini ya turubai, amejifunga kitambaa cheupe, nishani kifuani, akipeana mikono na waombolezaji. Wengine walilia kwanza, wakacheka baadaye. Mmoja alimbonyeza shavu kuhakikisha. Yaa Pokuaa, aliyejua ukweli tangu jana, alikuja na nguo nyekundu vilevile, akasema ameshaipiga pasi, na mkaa wa pasi si wa bure.

"Lisemwalo lipo, Daktari," mzee mmoja akamtania, "na kama halipo, laja!"

"Likija litanikuta nimekaa. Wewe ulimaliza vile vidonge vya presha?"

"Aa, Daktari, hata kwenye matanga yako?"

"Nimekuuliza, ulimaliza?"

Watu walisimama mmoja mmoja kusimulia. Dereva alieleza alivyokataliwa dawa ya usingizi mara tano, mpaka akakiri kwamba tatizo lake ni mke wa pili, si usingizi. Mkunga akaonyesha bahasha ya miaka ishirini iliyopita, bado ina jua na mwezi. Mzee alifurahi, kwa nini adanganye? Lakini kila injini iliponguruma barabarani, shingo yake iligeuka. Saa tano ikapita. Saa sita. Adwoa akamletea fufu na mchuzi wa mawese, naye hakuigusa. Aliona haya kwamba watu mia tatu wamemjia na moyo wake unamtafuta mmoja.

Saa saba kasoro lori la Nkwantakese likasimama.

Afua Serwaa alishuka wa kwanza, nyeusi juu, nyekundu chini, kisha akageuka akamshika mkono mumewe. Yaw Barima alikuwa amekonda. Alitembea na kidevu juu, akipapasa ardhi kwa ncha ya kiatu kabla ya kukanyaga. Kwapani alibana chupa.

Wageni husalimia mstari kuanzia kulia, mkono kwa mkono, bila kuruka mtu. Afua alitangulia, mumewe nyuma yake amemshika bega. Akasalimu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne alikuwa maiti. Mdomo ukamfunguka. Alimtazama Mzee Nsafoah, akageuka akamtazama mumewe, ambaye uso wake haukubadilika hata kidogo, kisha mwanamke yule akafunga mdomo, akaweka kidole juu ya midomo, akamtolea macho kila mtu chini ya turubai. Ukimya ukatambaa mpaka viti vya nyuma.

Yaw akaupokea mkono wa Mzee Nsafoah. "Poleni," akasema. "Poleni sana." Akapita.

Wakakalishwa, wakapewa maji ya kunywa, kama ipasavyo. Msemaji wa siku ile, Opanyin, yaani Mzee, Boadu, mwenyekiti wa chama cha wapiganaji, alimwangalia Afua, Afua akamkazia macho, naye akasafisha koo na kuuliza kile kinachoulizwa wageni wote: "Huku ni salama. Nyinyi ndio wenye safari. Habari ya mlikotoka?"

Yaw alisimama mwenyewe. Kwa kawaida mtu husemewa, lakini alimwondoa mkewe kwa mkono.

"Opanyin, sina msemaji. Aliyekuwa ananisemea ndiye mnayemzika. Miaka ishirini na miwili iliyopita nilisimama stendi ya mji huu nikasema Kwabena anauza chokaa. Jioni ile ile daktari wa hospitali alinieleza kwamba ile sindano niliyoitaka ingemuua mke wangu. Jioni ile ile, Opanyin! Nimejua muda wote. Nikajiambia, nitapeleka chupa tukishavuna kakao. Tumevuna kakao mara ishirini na mbili." Akaitoa chupa kwapani. "Nimekuja nayo leo. Naomba mniwekee miguuni pake. Mwambieni koplo alikuwa mjinga. Mwambieni yeye ndiye aliyekuwa na haki."

Aliinyoosha chupa mbele yake, hewani, na hakuna aliyeipokea.

Ndicho alichokitaka Mzee Nsafoah tangu mwaka sabini na mbili, tena mbele ya watu. Kumbe ladha yake haikuwa kama alivyodhani. Akinyamaza, rafiki yake atakuwa ameomba radhi kwa hewa. Akisema, atamwaibisha mbele ya wilaya nzima. Alisimama, magoti yakalia, akapiga moyo konde.

"Si kweli kwamba alikuwa na haki yote," akasema.

Yaw aligeuza kichwa. "Nani huyo?"

Watu wote wakamtazama Afua.

"Nimeuliza, sauti ya nani hiyo?"

"Ya marehemu," Yaa Pokuaa akasema kutoka nyuma, na uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko.

Yaw akairudisha chupa kifuani kwa nguvu. "Mnanichezea! Mmeniita kulia ili mnicheke! Afua, twende. Twende lorini!"

"Hatuendi," Afua akasema. "Hakuna aliyekuchezea. Mchapaji kakosea, na mimi nimekunyamazia. Nimechoka, Yaw. Napanda lori mpaka Konongo kununua panadoli, nalo linapita mlangoni kwa Kwabena! Aliyekufa hakusikii. Huyu kakusikia. Sasa kaa."

Yaw hakukaa, lakini pia hakuondoka. Mzee Nsafoah alivuka uwanja kwa fimbo yake mpaka akawa mbele yake, karibu kabisa.

"Koplo. Mji huu wote nimewaeleza dawa mara tatu tatu. Wewe siku ile sikukueleza hata mara moja. Nilikasirika kwa kuwa uliniamrisha. Ungejua, usingesema ulichosema stendi. Sasa sikiliza. Mwili wa Afua unaikataa penisilini. Mwili wa Afua unaikataa penisilini. Asipewe sindano wala kidonge, na mtu yeyote, mahali popote. Mwili wa Afua unaikataa penisilini. Haya, rudia."

"Nini?"

"Rudia."

Yaw alipumua puani. Watu walitega masikio. Kwa nukta moja ilionekana kama angemtandika mtu kwa ile chupa.

"Mwili wa Afua unaikataa penisilini," akasema. "Nimesikia, praiveti. Una sauti ya chura bado." Na akaisukuma chupa mbele mpaka ikamgonga Mzee Nsafoah kifuani, juu ya nishani, naye akaipokea kwa mikono miwili.

Vigelegele vilipigwa mpaka turubai likatikisika. Opanyin Boadu alitoa mfukoni hotuba yake ya kurasa sita, akaitazama, akairudisha mfukoni, na huo ulikuwa uamuzi wake bora wa mwaka mzima. Ngoma zikaanza. Gyamfi mchapaji, aliyejificha nyuma ya choo cha shule tangu asubuhi, akajitokeza na kuanza kupokea pongezi.

Mzee Nsafoah hakuzisikiliza ngoma. Alikuwa amemshika Yaw kidevu. Alimgeuzia uso kwenye jua, akamfungua jicho la kulia kwa kidole gumba, kisha la kushoto, kama anavyomfanyia mtu yeyote anayemletea macho. Yote mawili yalikuwa na ukungu wa kijivu katikati.

"Huyu ni mtoto wa jicho," akasema. "Ndiyo maana ulinipa mkono usinione. Tangu lini?"

"Miaka minane."

"Minane! Hii hutolewa, Yaw. Jumatatu tunakwenda hospitali Kumasi, wiki ijayo unaniona nilivyozeeka vibaya. Daktari gani alikutazama?"

"Hakuna. Nilikuwa natia maji ya majani."

"Miaka minane majani? Kwa nini hukuuliza mtu?"

"Nimuulize nani?" Yaw akasema, kwa mshangao wa kweli. "Mfamasia wangu ni wewe. Nilikuwa nangoja tupatane, unieleze la kufanya. Na wewe, Kwabena, miaka yote hiyo ulikuwa unangoja nini?"

Mzee Nsafoah aliitazama chupa iliyokuwa mkononi mwake.

"Nilikuwa nangoja hii," akasema, na hapo ndipo machozi yalipomtoka, mbele ya watu mia tatu waliokuja kumlilia yeye.